Taa ya Dubai kwenye barabara ya Segera

Wa kwanza kunipigia fulu usiku ule alikuwa dereva wa basi, tukipishana mbele kidogo ya Kabuku. Nikapunguza mwendo. Lugha hiyo kila dereva wa Tanzania anaijua: mwenzako akikuwashia taa mara mbili barabarani, mbele kuna trafiki, jiweke sawa. Nikakaza mkanda, nikashuka hadi kilomita 50 kwa saa, nikawa natazama pembeni kama nitaona sare nyeupe au tochi ikipungwa. Hapakuwa na mtu. Haukupita muda Fuso ikanipigia mara tatu, kwa hasira. Nikapunguza tena. Ikafuata Noah, kisha lori lenye tela, kisha basi jingine ambalo liliwasha fulu kutoka mbali na halikuishusha mpaka liliponipita, likaniacha nikipapasa lami kwa macho yaliyojaa madoa ya zambarau. Kabuku hadi Mkata, Mkata hadi Mbwewe, karibu kila gari nililopishana nalo lilinipigia taa. Trafiki sikumwona hata mmoja.

Msata nikasimama kunywa chai. Nilikuwa sijazima hata injini pale kijana mmoja aliponyanyuka kutoka benchi la mama ntilie, akaja mpaka dirishani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari za safari?"

"Salama tu, mzee. Samahani lakini. Hiyo taa yako ya kulia umebadilisha karibuni?"

Nilikuwa nimeibadilisha wiki mbili tu zilizopita. Bodaboda alinigonga kwenye foleni ya Mbezi, kioo cha taa ya kulia kikapasuka na mashikio yake mawili yakakatika. Fundi akaniambia taa mpya ya RAV4 ile ambayo mtaani tunaiita Kili Time ni ghali, lakini iko ya mtumba, safi kama mpya, nusu ya bei. Ikaletwa kwa bodaboda ndani ya saa moja. Ikaingia kwenye tundu zake bila kupindishwa wala kutobolewa, soketi ikashika, ikawaka. Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka.

Yule kijana alikuwa dereva wa lori, anatoka Kongo na shehena ya shaba kwenda bandari ya Tanga. Nilipokuwa naingia pale kituoni taa yangu ilimchoma macho akiwa ameketi na kikombe chake. Akaniomba nigeuze gari, nilielekeze kwenye ukuta mweupe wa duka lililokuwa limefungwa, hatua saba au nane hivi kutoka ukutani. "Weka dimu, mzee." Nikaweka. Akavua koti lake, akafunika taa ya kulia.

Ukutani ukabaki mwanga wa taa ya kushoto peke yake, ile iliyotoka na gari Japani. Nilikuwa sijawahi kuutazama kwa makini katika miaka yote ya kuendesha. Juu yake palikuwa na mstari, kama mtu aliyekata karatasi kwa mkasi: chini mwanga, juu giza. Mstari ulikwenda sawia kutoka kulia mpaka katikati, halafu ukaanza kupanda taratibu kuelekea kushoto, kama kilima kidogo. Kisha akahamisha koti, akafunika ya kushoto. Mstari wa taa ya kulia nao ulikwenda sawia, ila kilima chake kilikuwa upande wa pili. Kilipanda kuelekea kulia. Alipoondoa koti kabisa, taa mbili za gari langu zikachora ukutani kitu kama bakuli: kina katikati, na kingo mbili zimenyanyuka.

"Ona," akasema. "Hii ya kushoto inapandisha huku, kwenye majani, kwa watembea kwa miguu. Hii ya kulia inapandisha huku. Na huku ndiko nilipo mimi ninayekuja. Hii ni taa ya Dubai, mzee."

Nimeandika makala haya kwa sababu ya ukuta ule wa Msata. Tangu siku hiyo nimewauliza watu wengi wenye magari kama wanajua kwamba taa ya mbele ina upande, kwamba kuna taa iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi zinazoendesha kushoto na nyingine kwa ajili ya zinazoendesha kulia, hata kama gari ni lile lile, la mwaka ule ule, lenye sura ile ile. Wengi hawajui. Hata mimi sikujua, na nimeshika usukani tangu enzi za Peugeot 504.

Ukielewa kinachotendeka ndani ya taa, mengine yote yanakaa mahali pake. Fulu ni mwanga wa kwenda mbele moja kwa moja, pande zote sawa, kwa barabara isiyo na mtu. Dimu ni ya kupishana. Tangu miaka ya 1950 watengenezaji wa Ulaya waliacha dimu iliyo sawa pande zote, wakaunda ile yenye kilima: upande wa gari linalokuja mwanga unakatwa chini usimfikie dereva machoni, na upande wa ukingo wa barabara unaruhusiwa kupanda kwa nyuzi 15 hivi, ili umwone mtembea kwa miguu, baiskeli isiyo na taa, ng'ombe, au mtoto anayetoka kisimani, ukiwa bado mbali. Kwa sisi tunaoendesha kushoto, ukingo uko kushoto na anayekuja yuko kulia. Kwa Mwarabu wa Sharjah, Mfaransa na Mkongo ni kinyume. Kwa hiyo taa ya Dubai ikifungwa kwenye gari la Dar es Salaam hufanya makosa mawili kwa mpigo: inampandishia mwanga dereva anayekuja, na inaacha giza mahali hasa ambapo watu wetu wanatembea.

Na hesabu yake si kubwa. Taa ikiwa sentimita 65 kutoka ardhini, na mwanga wake umeelekezwa kushuka sentimita 1 kwa kila mita moja, ule mstari wa juu unagusa lami mita 65 mbele. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Dereva aliyepigwa mwanga machoni akapotewa na barabara kwa sekunde tatu amekwenda mita 66 bila kuona. Nilipofika nyumbani nikakaa na hesabu hiyo muda mrefu, nikiwafikiria wale wote nilioamini walikuwa wananionya kuhusu trafiki.

Hizi taa zinatufikiaje? Magari yetu mengi ya mtumba yanatoka Japani, na Japani wanaendesha kushoto kama sisi. Gari likishuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa huwa limekuja na taa zake sahihi, na hilo ndilo limetufanya tusilazimike kamwe kuliwazia jambo hili. Likiingia linakaguliwa: kwetu kuna viwango vya TBS, na Kenya KEBS inatumia kiwango cha KS 1515, ambacho pia kinataka usukani uwe kulia na gari lisizidi miaka minane. Usukani unatazamwa na kila mtu. Lakini taa ya mbele ni kitu kinachovunjika. Baada ya miaka miwili mitatu imegongwa, imeibiwa kwenye maegesho, au plastiki yake imepata ukungu wa njano kwa jua hadi msasa na dawa ya meno havisaidii tena. Hapo ndipo spea inapoingia, na spea za mtumba hazitoki Japani peke yake. Sehemu kubwa inapitia Sharjah na Dubai, kwenye yadi ambako magari ya Ghuba yaliyopata ajali hufunguliwa vipande vipande. Magari yale yana usukani wa kushoto. Injini yake itaingia kwenye gari lako, gia boksi yake itaingia, mlango, kioo, bampa. Na taa itaingia. Itaingia vizuri mno, kwa sababu mwenye kiwanda hakubadilisha umbo la nje. Alichobadilisha ni mikunjo ya kioo cha ndani ambayo mchana huwezi kuiona.

Alama yake lakini ipo, na haihitaji kifaa chochote zaidi ya macho. Kwenye taa iliyotengenezwa kufuata kanuni za Umoja wa Mataifa, zile zilizotokana na makubaliano yaliyotiwa saini Geneva mwaka 1958, kuna duara dogo lenye herufi E na namba. Namba ni ya nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 4 Uholanzi, 11 Uingereza, 43 Japani, ambayo ilijiunga na makubaliano hayo mwaka 1998. Karibu na duara hilo kuna herufi kama HCR, ambazo zinasema taa ni ya globu ya halojeni na ina dimu na fulu. Halafu, na hapa ndipo penyewe, kuna mshale au hakuna. Simama mbele ya gari, uso wako ukitazamana na taa. Ukiona mshale unaoelekea mkono wako wa kulia, taa hiyo ni ya nchi za kuendesha kushoto, ni yetu. Usipouona mshale kabisa, ni ya nchi za kuendesha kulia. Ukiona mshale wenye vichwa viwili, inaweza kutumika kote kote, kwa kawaida kwa kusogeza kijiti kidogo kilicho nyuma ya taa. Taa nyingi za zamani za soko la ndani la Japani hazina duara la E wala mshale, zina jina la kiwanda tu kama Koito, Stanley au Ichikoh. Kwa hizo, ukuta ndio mwamuzi.

Kesho yake nikainama mbele ya gari langu na tochi ya simu. Taa ya kulia: duara, E, namba, HCR. Mshale hakuna.

Katika nchi nyingine jambo hili si la hiari. Uingereza, gari likienda kwenye ukaguzi wa MOT wa kila mwaka na dimu yake ikaonekana inapandisha kulia, linaanguka hapo hapo. Muingereza anayevuka bahari kwenda Ufaransa kwa likizo ya wiki moja anatakiwa ahakikishe taa zake haziwapofui wenyeji, ndiyo maana kwenye vituo vya feri huuzwa vibandiko vya kuziba kile kipande cha kioo kinachorusha mwanga upande usiotakiwa. Ni kibandiko tu, hakizidi upana wa vidole viwili, lakini kinamwondolea mtu kosa, na kinamwondolea mwenzake kero.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Sweden. Waswidi waliendesha kushoto mpaka alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Septemba 1967, walipohamia kulia nchi nzima kwa siku moja. Wananchi walikuwa wameshaukataa mpango huo katika kura ya maoni ya mwaka 1955, na mabadiliko yenyewe yalikuwa ya gharama. Mojawapo ya sababu za bunge kutotaka kusubiri zaidi ilikuwa taa za mbele. Wakati huo magari mengi yalitumia taa za duara za saizi moja, za bei nafuu, zinazouzwa kila duka. Lakini viwanda vya Ulaya vilishaanza kuunda taa za maumbo yao wenyewe, za bei kubwa. Walijua wakichelewa zaidi, kila mwenye gari angelazimika kununua jozi ya taa za gharama ili ahame upande. Serikali iliyopanga kuhamisha taifa zima upande wa barabara ilikaa ikahesabu bei ya taa za wananchi wake. Hilo limenigusa.

Marekani walishika njia yao wenyewe, na ugomvi wao na Ulaya ulikuwa mrefu. Kuanzia 1940 hadi 1983 kila gari jipya lililouzwa huko lilitakiwa kuwa na taa za aina moja zilizozibwa pamoja na globu yake, umbo na ukubwa vimepangwa na sheria. Citroën SM ya Ufaransa, iliyotoka 1970 na taa sita nyuma ya kioo, mbili kati yake zikigeuka pamoja na usukani, ilipofika Marekani ilinyang'anywa uso wake wote na kuvishwa taa nne za duara. Jaguar E-Type nayo ilivuliwa vioo vilivyofunika taa zake. Taa halali Paris ilikuwa haramu New York, na ya New York haikukubalika Paris. Sheria za taa hufuata barabara ilipo, na gari lililohama lazima lihamishwe na mwanga wake.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki na Kati mpaka huo unapita katikati ya watu wanaosikilizana lugha. Ukitoka Ngara ukavuka Kabanga kuingia Kobero, Burundi, unahama kutoka kushoto kwenda kulia. Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, vivyo hivyo. Dereva wa lori anayetoka Tunduma anakaa kushoto Zambia yote, kisha anahamia kulia akishavuka Kasumbalesa kuingia Kongo. Waingereza waliacha desturi yao upande huu, Wabelgiji wakaacha ya kwao upande ule. Magari lakini yanatoka bandari ile ile ya Dar es Salaam, na yanatoka Japani ile ile. Tembea Bujumbura, Uvira, Bukavu, Goma au Lubumbashi uhesabu: magari ya usukani wa kulia kwenye barabara ya kulia ni mengi. Watu huzungumzia ugumu wa kupita gari la mbele wakati dereva ameketi upande wa majani, na kweli ni hatari. Taa hazisemwi. Kila moja ya magari yale, kama taa zake ni za asili, inapandisha mwanga kushoto, yaani kwa anayekuja, na inaacha kulia gizani. Na kulia kwa Burundi ni kule wanakopita vijana wa baiskeli wanaoshuka milima ya Bugarama kuelekea Bujumbura na mikungu ya ndizi mgongoni mwa baiskeli, wamejiachia kwenye mteremko bila injini wala taa.

Rwanda kwa miaka mingi imezuia magari madogo ya usukani wa kulia, na nadhani walifanya vyema kwa watu wao, ingawa inawapa kazi ya kutafuta magari mbali na kwa bei ya juu. Samoa ilifanya kinyume kabisa: Septemba 2009 ilihamisha nchi nzima kutoka kulia kwenda kushoto, lengo likiwa ni kuruhusu magari ya bei nafuu kutoka Australia na New Zealand. Sisemi Burundi ihame upande. Ninasema gari likishavuka Kobero, mwenye gari angeweza kuambiwa pale pale mpakani kwamba taa zake zinahitaji kubadilishwa, au angalau kuzibwa kile kilima kwa kibandiko kama afanyavyo Muingereza wa likizo. Kibandiko hakitamwangazia ukingo wake wa kulia, lakini kitamwacha anayekuja aone.

Yule dereva wa Msata alilisema hili vizuri kuliko mimi. "Mzee, mimi nikivuka Kasumbalesa nageuka kuwa wewe. Wananipigia fulu mpaka Lubumbashi. Mwanzoni nilikuwa nadhani ni wakorofi."

Kuna tatizo la pili, ndugu wa hili, na nalo lazima niliguse kwa sababu limetapakaa zaidi: globu. Taa ya halojeni ya H4 imepangwa kuuzunguka msokoto mdogo wa waya uliokaa mahali pamoja kamili. Ndani ya globu ya H4 misokoto iko miwili, mmoja wa fulu na mmoja wa dimu, na chini ya ule wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usirudi juu. Ukiitoa globu hiyo ukaweka ya LED au ya zenoni iliyotengenezwa ilingane na tundu tu, chanzo cha mwanga kinahama milimita chache, na milimita hizo zinatosha kuvuruga mstari wote wa ukutani. Mwenye gari anaona barabara ni nyeupe mbele yake na kufurahi. Mwanga anaoufurahia umemwagika mahali pasipotakiwa. Halojeni ya H4 ikiwa dimu hutoa lumeni 1,000 hivi. Zenoni ya D2S hutoa 3,200. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinadai taa yenye chanzo kinachozidi lumeni 2,000 iwe na kifaa cha kujishusha chenyewe gari linapolemewa nyuma, na cha kuosha kioo, kwa kuwa vumbi likikaa juu ya mwanga mkali kiasi hicho linautawanya kwenye macho ya watu. Ist iliyofungwa zenoni za dukani haina hata kimoja. Na zile globu za buluu zinazopendwa na vijana zina rangi inayochuja mwanga. Mtu analipa zaidi apate pungufu.

Halafu kuna kile kigurudumu kidogo kando ya usukani, chenye namba kuanzia 0 hadi 3 au 5 na picha ya taa. Nimeingia kwenye magari ya watu wazima, waangalifu, ambao hawajawahi kukigusa. Kazi yake ni kushusha taa gari linapojaa. Probox ikipakiwa magunia, au familia ya watu watano na mizigo ya sikukuu ikikaa nyuma, pua ya gari inanyanyuka na dimu inakuwa fulu bila dereva kujua. Weka 0 ukiwa peke yako, panda namba kadiri mzigo unavyoongezeka. Kimewekwa pale kwa ajili hiyo, na hakilipiwi.

Sheria yetu inasemaje? Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inataka gari lililoko barabarani liwe katika hali isiyohatarisha wengine, na trafiki anaweza kukuandikia faini kwa kosa. Kenya wanayo Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yenye mwelekeo huo huo. Kwa maneno mengine, gari langu usiku ule lilikuwa na kosa. Lakini hakuna askari ambaye angeliona. Taa zote mbili zilikuwa zinawaka, vioo vyake vyeupe, dimu inashuka, fulu inapanda, indiketa zinacheza. Wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, magari yanapokaguliwa na kubandikwa stika, ukaguzi wa taa ninaoufahamu mimi ni wa mchana: washa, zima, haya nenda. Mchana bakuli la ukutani halionekani.

Nina ombi, na ninalitoa kwa moyo wote. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku baada ya zuio la karibu miaka 30. Maana yake ni kwamba maelfu ya watu sasa wamelala kwenye viti usiku wa manane, wakimtegemea dereva mmoja ambaye macho yake yanapigwa na kila taa inayokuja. Askari akifundishwa kuinama na kutafuta mshale kwenye kioo, ni sekunde tano kwa gari. Kituo cha ukaguzi kikiwa na ukuta mmoja uliopakwa rangi nyeupe na kuchorwa mistari, na paa la kuleta kivuli, kinaweza kupima mstari wa dimu bila mashine ya kigeni. Na wauzaji wa spea waambiwe, kwa kanuni iliyoandikwa, kwamba taa yenye duara la E lakini isiyo na mshale haiuzwi kwa gari la hapa.

Wauzaji wenyewe si watu wabaya. Jumatatu nilirudi kwa fundi wangu, tukaenda naye eneo la Gerezani, kwenye duka ilikotoka ile taa. Kijana aliyekuwa zamu alinisikiliza huku akifuta vumbi juu ya rundo la taa zilizopangwa kama samaki sokoni, vioo juu. Nilipomweleza habari ya mshale akanitazama, akachukua taa moja kutoka kwenye rundo, akaigeuza kwenye mwanga. Akachukua nyingine. Akamwita mwenzake aliyekuwa nyuma. Wakaanza kuzigeuza wote wawili, moja baada ya nyingine, wakisoma kwa sauti: huu mshale upo, hapa hakuna, hapa hakuna, huu upo, huu vichwa viwili.

"Mzee wangu," akasema yule wa kwanza, "miaka sita nauza taa. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza hili."

Tulipata moja ya RAV4 ya kulia yenye mshale. Ilikuwa na mkwaruzo kwenye pembe, lakini nikaichukua. Nikamuuliza hizi nyingine atazifanyaje, nikiwa na wasiwasi kwamba kesho zitauzwa kwa mtu mwingine kama mimi. Akafikiri kidogo. Akasema wateja wake wa Bujumbura huja kila mwisho wa mwezi kuchukua spea, na magari yao ni haya haya ya usukani wa kulia, kutoka Japani.

"Wale wanaendesha upande gani, mzee?"

"Kulia."

Akatafuta boksi tupu, akaitia humo taa iliyotoka kwenye gari langu, akazitia na nyingine tatu zisizo na mshale. Akachukua kalamu nene nyeusi, akaandika ubavuni kwa herufi kubwa: BURUNDI.